Dirisha Kwenye Tope

Mwalimu Asaa aling'oa dirisha la stoo,
lile lisilo kioo tangu upepo wa mwaka ule,
akatukabidhi. "Nusu meta kwa nusu meta.
Lilazeni popote. Kilichomo, hesabuni."

Tukashuka pwani ya Chokocho siku ya bamvua,
maji yamepwa mpaka nyasi za bahari zimelala
upande mmoja, kama nywele za mtu aliyetoka kuoga.
Mie nilibeba dirisha. Shaame alibeba penseli
na ile shingo yake ya kuwa wa kwanza darasani.

Tukalilaza. Tukachungulia chini,
ndani ya nyumba isiyo na ukuta.
Shaame akaandika: Tope. Nyasi, aina moja.
Kaa mmoja, amekimbia.
Akapiga mstari.

Mama alikuwa hatua kumi kutoka hapo,
kibwebwe kiunoni, kijiko mkononi,
ndoo ya rangi imefika nusu kwa tondoo.
Akaja, akaitazama karatasi asiyoisoma,
kisha akalitazama tope analolisoma.

"Na hawa?"
Kidole chake kikagusa matundu mawili
yaliyokaribiana kama ya kifungo cha shati.
"Tondoo huyu, anavuta pumzi.
Tundu hili refu, kama la ufunguo, ni kombe,
kina cha kiganja, usimchimbe kwa pupa.
Na kamba hii ya mchanga iliyojikunja
ni choo cha nyungunyungu wa pwani.
Kala tope, katoa tope.
Asingekuwepo yeye, ungepigia kijiko kwenye jiwe.
Na nyasi, mwanangu, si moja.
Jani hili pana, hili jembamba kama uzi,
hili dogo la mviringo. Yang'oe yote
uone kama chafi atakuja tena kukuamkia."

Shaame akasema kitabu kinawaita moluska.
"Moluska," mama akarudia, akaliweka ulimini
kama aonjaye mchuzi wa jirani.
"Basi huo ni ukoo. Mie nawajua mmoja mmoja."

Mwalimu akafika, suruali kaikunja magotini.
"Mtaka cha mvunguni..." akaanza.
"Hapa hapana kitanda, mwalimu," mama akamjibu,
naye keshainama zamani.

Tulifika ishirini na tatu.
Kisha kaa akapanda juu ya mbao, akatulia,
miguu minne ndani, minne nje.
Shaame alitaka sheria. Mwalimu akaitoa:
aliye juu ya ubao wa kulia, yumo;
aliye juu ya ubao wa kushoto, hayumo.
Kaa akaisikiliza mpaka mwisho,
akahamia wa kushoto.

Usiku ule sikulala mapema.
Jani la mkandaa laanguka, kaa alikokota tunduni,
analobakisha analila asiye na macho,
tondoo anachuja maji tuliyoyavuruga kwa miguu,
mama anachimba tondoo,
tondoo wananunua daftari,
na ndani ya daftari nimeandika: tondoo.
Nikageuka upande wa pili.
Sikumwona mtu aliyesimama nje ya dirisha lile.

Lenyewe tulilisahau. Maji yalirudi mbio,
tukaokoa karatasi na viatu.
Mwalimu alilifuta kwenye orodha ya mali ya shule,
mbele yake akaandika "limechukuliwa,"
bila kusema na nani.

Mwezi wa Shaabani mama alilikuta
limekwama katikati ya mizizi ya mkoko.
Hakulileta.
Alirudi na pembe ya kanga imejaa mafundo,
akaketi kizingitini, akayafungua moja moja.
Chaza, upande wa chini. Chaza. Chaza mwingine, mchanga.
Kitu laini cha rangi ya embe bivu asichokijua jina,
naye akakasirika kidogo kutokukijua.
Kaa wa ukubwa wa kucha
amejenga ndani ya tundu la bawaba.
Mafundo kumi na manne.

"Andika," alisema.

Nikafungua daftari pale pale pa zamani.
Jedwali lilikuwa na safu mbili, ndani na nje,
na katikati yake mstari
niliouchora kwa rula.